Injini ya ndege yangu ya modeli inazima tangi likifika nusu

Fundi, shikamoo.

Naandika kutoka Luchelele, Mwanza. Nina ndege ya modeli ya kujifunzia, ya bawa la juu, yenye injini ya methanoli ya mipigo miwili, saizi .46, yaani sentimita za ujazo 7.5. Propela ni 11x6 (inchi 11 kipenyo, inchi 6 za kusonga mbele kwa mzunguko), tangi linabeba mililita 300. Mafuta nanunua yakiwa yamechanganywa tayari: nitromethani asilimia 10, mafuta ya kulainisha asilimia 18, yaliyobaki methanoli.

Shida ni hii. Ikiwa chini inawaka vizuri, sailensa (mwendo wa chini kabisa) inakaa, resi ya mwisho inalia safi. Nikiirusha, dakika nne tano za kwanza haina neno. Baada ya hapo kila nikiinua pua sauti inakuwa nyembamba, inapanda juu kidogo, kisha inazima. Nikiwahi kulaza pua kabla haijazima, inarudi. Mara mbili nimetua bila injini, na moja kati ya hizo ilibaki kidogo tu iingie ziwani.

Nilichofanya mpaka sasa: plagi nimebadilisha mbili. Sindano ya kabureta ilikuwa imefunguliwa zamu mbili na nusu kama kijitabu kinavyosema. Nimeifungua hadi tatu. Sasa inatoa moshi mwingi, nguvu imepungua, na bado inazima vilevile. Nimejaza tangi, nikaishika kwa mkono pua juu, resi yote, nusu dakika nzima. Haizimi! Hapo ndipo nilipogota.

Pengine na haya yanahusika. Wiki kama tatu zilizopita ilitua kwa pua kwenye mchanga wa ufukweni, kasi haikuwa kubwa, propela tu ikapata ufa nchani na nikaiziba kwa gundi kali. Mpira wa ndani ya tangi niliukuta umechanika, nikaweka mpira wa dripu kutoka duka la dawa, umeingia vizuri kabisa. Mafuta yamekaa kwenye dumu, nusu, tangu masika. Jirani yangu anayetengeneza mashine za mitumbwi anasema nitie petroli kidogo yenye oili, eti methanoli peke yake haina nguvu.

Nisaidie kabla sijaiua injini.

Nusu Tangi, Luchelele

*

Marahaba, Nusu Tangi.

Kabla ya yote, fungua hiyo propela uivunje vipande viwili, asije mtu akaiokota na kuifunga tena. Propela ya inchi 11 ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda mita 160 kwa sekunde, karibu kilomita 580 kwa saa. Gundi kali haishiki kitu hapo. Na hata isipokatika, propela iliyozibwa imepoteza mizani. Inatikisa ndege nzima, mafuta tangini yanatoa povu, na injini ikinyonya povu inazima. Nunua mpya, ipime kwenye waya mwembamba uliopita katikati ya tundu lake, na upande unaoshuka uuparaze kidogo kwa msasa mpaka zitulie sawa.

Sasa ugonjwa wenyewe. Jibu liko kwenye lile jaribio lako la kuinua pua. Ulilifanya vizuri, ila ulilifanya tangi likiwa limejaa, na injini yako inazima tangi likiwa nusu. Injini ya saizi hiyo kwa resi yote inakunywa mililita 25 hadi 35 kwa dakika. Ukifika dakika ya tano umeshatumia kama nusu ya mililita zako 300. Kama kosa lingekuwa sindano iliyobanwa mno au plagi mbovu, lingejitokeza hata tangi likiwa limejaa. Hili linasubiri mafuta yapungue ndipo lijitokeze, kwa hiyo iache kabureta upesi uingie tangini.

Ndani ya tangi kuna mpira laini wenye kizito cha shaba mwishoni. Kazi ya kizito hicho ni kuyafuata mafuta kokote yanakokimbilia: pua ikipanda mafuta yanarudi nyuma, na kizito kinatakiwa kiwe hukohuko. Ndege ikitua kwa pua, kizito kinarushwa mbele, mpira unajikunja, na mara nyingi kinakwama karibu na kizibo. Hilo ni la kwanza. La pili umelitengeneza mwenyewe kwa nia njema. Mpira wa dripu ni plastiki ya PVC, na ulaini wake unatokana na kemikali iliyochanganywa humo. Methanoli na nitromethani huivuta kemikali hiyo nje, mpira ukabaki mkavu kama mrija wa soda. Siku ulipoufunga ulikuwa laini. Leo, nadhani, umekakamaa ulivyokaa, na kizito kinaning'inia mahali pamoja.

Tangi likijaa, kizito kimezama hata kikiwa mbele, ndiyo maana jaribio lako lilikudanganya. Tangi likifika nusu na pua ikipanda, mafuta yote yako nyuma, kizito kiko hewani. Injini inameza hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi, sauti inapanda na kuwa nyembamba, inazima. Ukilaza pua mafuta yanarudi mbele, inapona. Na kuongeza zamu ya sindano hapo ni sawa na kufungua bomba la jikoni wakati simtanki halina maji.

Usiniamini bila kuhakikisha. Mimina tangi, lirudishie mililita 150 kwa bomba la sindano, washa, mwache msaidizi aishike ndege kwa nyuma, pasha injini dakika moja, kisha resi yote na pua juu. Ikizima ndani ya sekunde chache, kesi imekwisha. Njia nyingine ya haraka ni kutoa bawa, kuzima kila kitu na kutikisa ndege sikio likiwa karibu na tangi: kizito kilicho huru kinagonga ukuta wa nyuma, ko-ko-ko. Kimya maana yake kimekwama.

Kulitengeneza ni kazi ya saa moja. Toa tangi, legeza skrubu ya katikati ya kizibo, vuta kizibo pamoja na mirija yake ya shaba. Tupa mpira wa dripu. Weka mpira wa silikoni wa kipenyo cha ndani kama milimita 2.5, uliotengenezwa kwa injini za modeli. Ukiuziwa mpira dukani ukaambiwa ni silikoni na una shaka, kata kipande, kipeleke mbali na mafuta, kichome kwa kiberiti: silikoni inaacha majivu meupe, PVC inayeyuka kwa moshi mweusi wenye harufu kali. Kata mpira urefu ambao kizito kitabaki milimita 6 hadi 8 kutoka ukuta wa nyuma. Ukiwa mrefu zaidi kinagusa ukuta na kukwama, ukiwa mfupi sana unaacha mafuta mengi yasiyonyonyeka.

Na kwa kuwa unarushia mahali penye mchanga na kutua kwa pua kunaweza kutokea tena, ukate mpira huo katikati na uunganishe kwa kipande cha mrija wa shaba, ukiacha kama sentimita 2 hadi 2.5 za mpira laini kila upande. Kizito kitaendelea kucheza juu, chini na pembeni, lakini hakitaweza kujikunja mpaka mbele. Mahali ulipokata shaba palainishe kwa msasa, ndani na nje. Ncha kali ya shaba ndiyo inayotoboa mpira, na tundu dogo kama la sindano ya kushonea linatosha kuleta dalili zilezile ulizoandika. Huenda ndivyo mpira wako wa kwanza ulivyochanika.

Mrija wa pili, ule unaokwenda kwenye ekzosi, upinde uelekee juu ndani ya tangi, ncha yake ikaribie dari bila kuigusa. Huo ndio unaoleta shinikizo la moshi linalosaidia kusukuma mafuta. Angalia chuchu yake kwenye ekzosi: ikaze, na tundu lizibue kwa waya maana masizi huliganda. Shinikizo likivuja, injini inakosa mafuta kadiri tangi linavyopungua, kwa hiyo huyu ndiye mtuhumiwa wako namba mbili.

Ukishafunga, pima uvujaji. Ziba mrija mmoja, tumbukiza tangi kwenye ndoo ya maji, sukuma hewa kwa bomba la sindano la mililita 50 kupitia mrija mwingine. Viputo vikitoka kwenye kizibo, kaza skrubu kidogo kidogo. Ukiikaza kwa hasira utalipasua shingo la tangi. Usipulize kwa mdomo, na wala usinyonye mafuta kwa mpira kama watu wanavyonyonya petroli. Methanoli ni sumu inayopofusha; vijiko viwili vya chai vinaweza kumtoa mtu macho. Halafu moto wake mchana hauonekani, kwa hiyo pasipoonekana mwali usidhani pamezimika. Dumu liandike SUMU kwa herufi kubwa, lisiwe la maji ya kunywa hata siku moja. Baada ya kupima, kausha tangi kabisa na ulisuuze kwa mafuta kidogo, umwage hayo.

Unaporudisha tangi, lizungushie sponji ya godoro unene wa milimita 6 hadi 10, mbele na pembeni, bila kulibana. Lisiguse mbao mahali popote. Kimo cha tangi sina ugomvi nacho kwa kuwa ndege iliruka vizuri kabla ya ajali. Hakikisha tu katikati ya tangi pako usawa wa sindano au chini yake isiyozidi sentimita moja. Mpira wa nje nao uchague unaopitisha mwanga. Injini ikiwa resi yote, ukiona viputo vinapita humo, kuna povu au kuna hewa inaingia.

Jambo moja kuhusu ule mchanga. Ndege ikichimba pua, usiizungushe injini hata mara moja mpaka uisafishe. Chembe moja ikiingia kati ya pistoni na silinda inachora mstari usiofutika. Toa plagi na kabureta, suuza kwa mafuta ya injini yenyewe, toa sindano na usuuze njia yake. Weka chujio dogo la waya kati ya tangi na kabureta, na lingine kwenye mpira wa kujazia. Jioni wale wadudu wa ziwani wakitanda kama moshi, funika dumu na bomba la kujazia, wanaingia popote.

Sasa ndiyo turudi kwenye sindano, maana hizo zamu tatu haziko sawa. Rudisha mbili na nusu, washa, acha dakika moja injini ipate joto ikiwa na mafuta mengi. Resi yote. Simama nyuma ya propela, funga sindano kliki moja moja kwa mwendo wa saa, ukisubiri sekunde chache kila mara, mpaka resi isipande tena. Hapo umefika kileleni, na kileleni hapakaliki: fungua kliki mbili hadi nne, resi ishuke kidogo, kama mizunguko 200 hadi 400 ukiwa na kipimo. Bana mpira wa mafuta kwa vidole nusu sekunde na uachie. Resi ikipanda kidogo kisha kurudi, uko sawa. Ikishuka moja kwa moja, umebana mno. Ikipanda sana, bado mafuta ni mengi. Kisha inua pua sekunde 10, tangi likiwa limejaa, na urudie likiwa nusu. Yote mawili.

Usishangae ukiishia chini ya zamu za kijitabu. Uso wa ziwa uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto la nyuzi 28, mita moja ya ujazo ya hewa ya Dar es Salaam ina uzito wa kama kilo 1.17, ya Mwanza kama kilo 1.02. Hewa ikipungua hivyo na mafuta lazima yapunguzwe, la sivyo mchanganyiko unakuwa mzito. Kitu kinachowachanganya wengi ni kwamba kipimo cha mizunguko hakionyeshi tofauti kubwa, kwa sababu propela nayo inakata hewa nyepesi. Kinachopungua ni mvuto. Ipe ndege umbali mrefu zaidi wa kuruka, usiivute pua mapema.

Sailensa ishughulikie mwisho, sindano kubwa ikishatulia. Iache kwenye resi ya chini, kama mizunguko 2,500, sekunde 15, kisha fungua resi yote kwa mkupuo. Ikisitasita na kutema moshi, chini kuna mafuta mengi. Ikizima ghafla bila moshi, ni machache. Kabla ya kugusa ile skrubu ndogo jua ni ya aina gani. Kama ni ya tundu la hewa, lile linaloonekana mbele ya kabureta, kuifungua kunapunguza mafuta. Kama ni sindano ya pili, kuifungua kunaongeza. Ugeuze robo zamu kwa wakati mmoja, usizidi.

Mafuta ya tangu masika siyaamini, ingawa siyo yaliyokuzimia injini. Methanoli hunyonya unyevu wa hewa, na dumu nusu lina nusu nzima ya hewa ya ziwani ndani yake. Dalili za maji ni nyingine kabisa: injini inakuwa ngumu kuwaka, inazima ukiondoa betri ya plagi, sindano haikai mahali pamoja leo na kesho. Jaribu kwa mafuta mapya na uone tofauti. Hayo ya zamani usiyamwage ziwani wala mtaroni. Mapya yagawe kwenye vyombo vidogo vilivyojaa mpaka shingoni, vifuniko vikazwe, viwekwe gizani kwa sababu mwanga huharibu nitromethani. Na usiyabebe kwenye basi la abiria wala kwenye ndege.

Jirani yako mwambie asante, lakini petroli hapana. Mashine ya mtumbwi ina cheche, yako haina. Plagi yako ina waya wenye platinamu ambao methanoli huendelea kuupasha hata betri ikishaondolewa, na petroli haifanyi hivyo. Tena methanoli huchomwa kwa uwiano wa kama sehemu 6.5 za hewa kwa moja ya mafuta, petroli 14.7 kwa moja, kwa hiyo njia za kabureta yako ni pana mno kwa petroli. Oili ya boti haiyeyuki kwenye methanoli. Itajitenga na kukaa chini ya tangi, na pistoni itakauka. Petroli pia huvimbisha mpira wa silikoni. Kinachoyeyuka humo ni mafuta ya nyonyo yaliyosafishwa kwa ajili ya injini, au oili za sanisi za modeli. Yale ya nyonyo ya kupaka nywele hayahusiki, na spiriti ya dukani vilevile: ina maji.

Plagi mbili ulizotoa usizitupe. Ziunganishe kwenye betri ya volti 1.5. Waya ukiwaka rangi ya chungwa inayong'aa, nzima; ukiwa umejikunja au wa kijivu, imechoka. Betri mbili mfululizo, volti 3, zitaiunguza palepale.

Kwa kuwa injini imekuwa ikimeza hewa wiki tatu, toa ekzosi uchungulie pistoni kupitia tundu lake kwa tochi. Ngozi iwe laini. Mistari ya wima iliyochimbika ni dalili ya joto au mchanga. Plagi ikiwa imefungwa lakini haina moto, zungusha propela polepole kwa mkono: inapofika juu ikatae, irudi nyuma kidogo. Ikipita bila kukataa, mbano umekwenda. Kila jioni ukimaliza, bana mpira wa mafuta injini izime kwa kukauka, tia matone matano sita ya oili nyepesi kwenye kabureta, izungushe mara kumi bila plagi kuwa na moto. Mabaki ya methanoli na unyevu wa ziwani hutia beringi kutu kwa muda mfupi.

Kuhusu mahali pa kurushia, waulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu kibali, na usiisogeze ndege upande wa Ilemela uliko uwanja wa ndege. Safari ya kwanza baada ya matengenezo iwe asubuhi, panda kuelekea nchi kavu siyo ziwani, mafuta mililita 300 kamili, na saa uiweke ilie dakika ya saba. Ikilia, tua, hata kama injini inaimba, kisha pima kwa bomba la sindano mafuta yaliyobaki. Yakiwa chini ya mililita 60, punguza dakika moja safari inayofuata.